Fahali Asiye na Breki

Sitaomba radhi kwa mikono yangu. Ni myembamba tangu nizaliwe, na sasa nimefika umri ambao watu nisiowajua huniita mama, bado ni myembamba. Si kwamba sili. Nimekula bugali, maharage, viazi vya Kibumba, dagaa wa ziwani tunaowaita sambaza, na nyama kila nilipoipata, na chakula chote hicho kimepita mwilini bila kuacha alama. Watu wa Goma hawana haya na jambo kama hili. Watakusimamisha sokoni mbele ya umati wakuulize unaumwa nini. Mimi huwajibu kwamba ninaumwa na maswali, kisha naendelea kuchagua nyanya zangu.

Nina duka dogo la dawa za mifugo. Nauza dawa za minyoo na za kupe, nauza chumvi ya kulamba, na mara kwa mara wenye ng'ombe wanakuja kuniita niende kuzalisha. Juzi aliingia kijana mmoja kutoka mtaa wa Himbi, shati limembana kifuani mpaka vifungo vinataka kukatika. Siku hizi huko Himbi kuna kumbi za kunyanyua vyuma, na vijana wanalipa ili wakatoke jasho. Alinisalimu vizuri, halafu akatoa simu yake.

"Mama, uko na dawa ya kuzuia miostatini?"

"Ya kuzuia nini?"

"Ni protini. Iko mu mwili, inakataza musuli kukomaa. Banasema ukiizuia, unakuwa hivi."

Akanionyesha picha ya fahali mweupe mwenye mapaja yaliyogawanyika mafungu mafungu, ngozi imekaza juu ya nyama, makalio mapana kupita mlango wa duka langu. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko alivyotarajia.

"Na weye uko ngombe?" nikamwuliza.

"Hapana, mama. Lakini musuli ni musuli."

Hapo alikuwa sahihi, na ndiyo maana nilizidi kukasirika. Nilimwambia atoke dukani mwangu, kwamba hajui anachokiomba, na kwamba akirudi na picha ile nitamchoma sindano ya minyoo ya ng'ombe mzima. Alitoka mbio. Nadhani huko Himbi sasa wanasema kuna mama mwembamba mwenye kichaa, na waseme tu.

Lakini kweli kijana wa watu hakukosea kitu, na sikumweleza lolote. Acha nieleze hapa. Miostatini ni protini ambayo msuli wenyewe huitengeneza, na kazi yake ni kuuambia msuli kwamba imetosha. Ng'ombe anayo, mbuzi anayo, mbwa anayo, mimi na wewe tunayo. Mnyama akirithi hitilafu, protini hiyo ikawa haifanyi kazi, nyama yake hukua kupita kiasi tangu akiwa tumboni mwa mama yake, nyuzi zake zikawa nyingi na nene. Wapo hata watoto wa watu waliozaliwa hivyo, wachache sana. Ni breki, basi. Mtu anayeshuka na chukudu kutoka Kibumba, kile kigari chetu cha mbao cha magurudumu mawili, kimepakiwa makabichi mpaka kichwani, amefunga kipande cha tairi juu ya gurudumu la nyuma, na kwenye mteremko anakikanyaga kwa nguvu zake zote. Sijasikia mtu anayemwuliza kwa nini anajichelewesha.

Mimi nililelewa pamoja na fahali asiye na breki, na alikaribia kunigharimu maisha yangu yote.

Baba alimpata Masisi, kabla uasi haujafika kwenye vilima vyetu. Wazungu wa mashamba ya zamani walikuwa wameleta ng'ombe wa kwao, na ingawa wenyewe walikwisha kuondoka, damu ya ng'ombe wao ilibaki ikizunguka katika mazizi ya watu. Mara moja moja ilijitokeza. Fahali wa baba alizaliwa mweupe na mzito, na alipokua, watu walitoka vijiji vya mbali kuja kumwona. Kwetu sisi tunaosema Kinyarwanda, ng'ombe husifiwa. Watu humsifu macho, pembe, mwendo wake anapotoka kunywa maji. Baba alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wetu kusifu makalio. Alimzunguka fahali wake kwa nyuma na kusimama pale, mikono mgongoni, akitabasamu peke yake, na mama alikuwa akisema kwamba hajawahi kutazamwa hivyo tangu aolewe.

Siku uasi ulipofika, wanaume wenye bunduki walifungua zizi na kuwaswaga ng'ombe wetu wote kuelekea kilimani. Mimi nilikuwa jikoni kwa mama, nimejibanza nyuma ya kuni pamoja na ndama jike, nimemshika mdomo asilie. Alikuwa wangu. Mama yake alikuwa ng'ombe niliyeachiwa na bibi yangu kabla hajafa, na baba yake alikuwa yule fahali mweupe. Mama wa ndama alikwenda na wengine, sikumwona tena. Ndama alibaki kwa sababu nilikuwa mkaidi nikaingia naye mahali ambapo ng'ombe haingii.

Na fahali? Baba alimkuta jioni amelala nusu ya kilima, anahema mdomo wazi, ulimi nje. Walikuwa wamempiga fimbo mpaka zikavunjika, naye hakuinuka. Walikuwa na haraka, wakamwacha. Mnyama wa namna ile ana nyama ya wanyama wawili lakini moyo na mapafu ni ya mmoja, kwa hiyo mlima kidogo tu unamshinda. Leo naweza kulisema hilo kwa sauti ya daktari. Siku ile baba alipiga magoti kwenye nyasi akalia kwa furaha. Alisema Mungu amemrudishia mmoja, tena aliye bora kuliko wote. Fahali aliachwa kwa sababu hana faida kwa mtu anayekimbia, na baba akaona muujiza.

Tulishuka hadi Munigi, juu kidogo ya Goma, na fahali mmoja, ndama mmoja, na masufuria. Safari ilikuwa ndefu kwa ajili ya fahali, kila mwinuko tulimsubiri. Tulipata kiwanja kwenye mawe meusi ya volkano ya zamani, tukajenga nyumba ya mbao na shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, na jirani yetu, mtu mpole mwenye ng'ombe wachache, akatuonyesha mahali pa kukata majani. Watu wa pande nyingi walikuwa wamechanganyika pale, na hata sisi nyumbani tukazoea kusemezana Kiswahili cha Goma.

Ndama wangu akakua akawa mtamba mwenye miguu mirefu, mwembamba wa kawaida. Baba akaniambia mambo waziwazi. Mtamba akizaa, maziwa yake yatanipeleka sekondari. Hana kitu kingine cha kuuza kwa ajili yangu. Asipozaa, au akifa, basi hakuna sekondari, kuna mume, na familia ya huyo mume alikwisha kuitaja: watu wa Rutshuru, watu wema, alisema. Nilimwambia kwamba wema wao wauweke. Akanitazama kama anayesikia mbuzi akisema.

Mtamba alipofikia wakati wa kupandwa, jirani alijitolea kutuletea fahali wake, mnyama wa kienyeji mwenye pembe ndefu na mbavu za kuhesabika. Baba alimkataa bila kufikiri.

"Papa, muache ile ya jirani iingie," mama alisema. "Ile yako ni baba yake. Ni baba yake kabisa."

"Ngombe haina baba," baba akajibu. "Ngombe iko na damu. Damu nzuri ikirudia, inakuwa mara mbili."

Kosa hilo lingefanywa na mfugaji wa kwetu tu. Mtu mwingine angeona fahali mkubwa na kumuuza. Baba alikuwa amenyang'anywa zizi zima, akabakiwa na damu hiyo moja, na alitaka kulijenga zizi upya kutoka ndani yake, bila kumwingiza mgeni. Na maneno yake yalikuwa ya kweli kuliko alivyojua. Mtamba wangu alikuwa amerithi hitilafu upande wa baba na uzima upande wa mama, ndiyo maana breki yake ilishika. Akipandwa na baba yake, ndama angeweza kuupata ubovu pande zote mbili. Ingekuwa mara mbili, kama alivyosema.

Mimba iliendelea vizuri. Nilimkatia majani kila siku nikirudi shule, na kila siku mtu fulani alinicheka njiani, eti mzigo unanibeba mimi, eti mikono yangu inafaa kusimamishia maharage. Lakini kumkama au kumshika kiwele sikuruhusiwa. Kwetu ng'ombe hukamwa na wanaume. Mwanamke husafisha vyombo, husukasuka maziwa, hutoa samadi, hukata majani, yaani hufanya kazi yote ila ile ya kukaa chini ya ng'ombe na kupata sifa. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa ni hivyo. Jibu hilo limenikera tangu utoto na bado linanikera.

Kisha mlima ukaanza kutikisika. Nyiragongo ilikuwa ikitutikisa mara kwa mara, tumeizoea, lakini safari hii vyombo vilikuwa vinaanguka rafuni na mbwa hawakutaka kuingia ndani. Asubuhi mtamba alipoanza uchungu, harufu ya kiberiti ilikuwa tayari hewani. Baadaye ukasikika mlio mzito kutoka upande wa juu, na ardhi ikapasuka mbali kidogo na mashamba yetu. Tuliona moshi, halafu tukaona wekundu chini ya moshi. Watu wakaanza kupita barabarani na magodoro kichwani.

Kwato mbili zilikuwa zimetoka, pana sana, na kichwa hakikufuata. Baba aliita jirani. Jirani alikuwa amekwisha kufunga mizigo yake, lakini alikuja, na hilo sitalisahau. Alipaka mkono mafuta ya mawese akajaribu kuuingiza. Haukupita. Bega la ndama lilikuwa limejaa njia yote. Baba akajaribu, naye alikuwa na mkono wa mtu aliyepasua kuni maisha yake yote. Haukupita. Mtamba alinguruma kwa namna ambayo sijui kuieleza, nami nilisikia kila kitu nilichokitaka duniani kikifa mbele yangu.

"Kichwa imegeuka nyuma," jirani alisema. "Haitatoka. Papa, muiache. Moto inakuya."

"Tutaenda," baba akasema. Hakuwa ananiangalia.

"Acheni nijaribu," nikasema.

Wote wawili walinigeukia, kana kwamba nimetukana mtu kanisani.

"Mukono ya mutoto mwanamuke haiingie mu ngombe," baba alisema.

"Ya kwenu imekataa kuingia!" Nilikuwa napiga kelele. Sijawahi kumpigia baba kelele kabla ya siku ile. "Yote ni minene! Bamenicheka kila siku juu ya mikono hii. Leo mi sitatoka hapa. Moto inikute hapa hapa!"

Mama ndiye aliyeamua. Alikuwa anafunga blanketi. Aliliacha, akachukua chupa ya mawese, akanimwagia mkono wote mpaka kwapani. Mafuta mekundu yalitiririka mpaka kwenye sketi yangu ya shule.

Nililala kifudifudi nyuma ya mtamba wangu nikaingiza mkono. Ndani kulikuwa na joto, na kila alipokaza nilihisi mfupa wangu unataka kukatika. Bega la ndama lilikuwa gumu, limevimba kama mkate. Lakini kati ya bega lile na mfupa wa mama yake palikuwa na nafasi, nyembamba, na mkono wangu uliipata. Nilisogea mpaka nikagusa shingo, nikaifuata shingo nyuma, nikagusa sikio, kisha shimo la jicho. Ndama hakupepesa. Nilijua basi kwamba amekufa, nikaendelea, maana sikuwa nampigania yeye.

Baba aliona uso wangu. Ghafla akaacha kuwa mtu wa kukataza, akawa mfugaji.

"Umepata nini?"

"Jicho."

"Shuka mu mudomo. Kamata taya. Ngombe ikipumua, weye vuta. Ikikaza, ngojea."

Nilivuta na kungoja, nikavuta na kungoja. Kichwa kikazunguka. Wakafunga kamba miguuni, baba na jirani wakavuta kuelekea chini, mabega yakatoka, halafu makalio yakakwama, yale makalio ambayo baba aliyasifu kote Masisi. Baba alilazimika kumpindua ndama upande, nusu nje nusu ndani, akitukana kwa Kinyarwanda maneno niliyokuwa sijui kwamba anayajua. Mwishowe ndama akaanguka kwenye majani.

Alikuwa dume, mweupe, mapaja mawili kila upande, ulimi mnene haukuenea mdomoni. Hata akiwa amekufa alikuwa mzuri kwa jicho la mtu anayependa nyama. Miaka mingi baadaye, katika chuo cha mifugo, mwalimu alituandikia ubaoni jina la ile protini, akatueleza kwamba huko Ulaya wako wanaofuga ng'ombe wa namna hiyo kwa makusudi, na ndama wao hutolewa kwa kupasua tumbo la mama. Nilisimama nikauliza kisu cha Munigi kilikuwa wapi. Darasa lilicheka. Nilikuwa nimeshika kiti kwa hasira, na mwalimu akasema tuendelee.

Siku ile, pale Munigi, baba hakucheka. Alichuchumaa akamfunika ndama macho kwa kiganja.

Mtamba hakuinuka. Nyuma yetu mikaratusi ya juu ilikuwa inawaka, majani yakipasuka moja moja, na joto lilikuwa limeanza kuja kwa mawimbi. Lava haikuwa inakimbia, ilikuwa inasogea tu, ikila ua huu, kisha ua ule. Jirani alituaga akaondoka. Mama alikuwa na mizigo kichwani na mgongoni. Baba alimfungua fahali kutoka kwenye mti.

"Ile imevunjika kiuno," aliniambia, akimwonyesha mtamba kwa kidevu. "Twende."

"Haijavunjika. Imechoka."

"Mutoto, twende!"

Nilimziba mtamba pua. Ndivyo nilivyokuwa nimemwona baba akifanya kwa ng'ombe wavivu, unaziba matundu yote mawili mpaka ahitaji hewa kuliko anavyohitaji kulala. Nilimziba na kumpigia kelele sikioni, nilimwita majina mabaya, nilimwambia kwamba kama anataka niolewe Rutshuru alale tu. Alirusha kichwa akanipiga kidevuni, nikang'ata ulimi wangu. Kisha akainua makalio, akayumba, akasimama. Akageuka kumtafuta ndama. Nilimvuta kwa nguvu asimwone, naye akanusa mkono wangu uliojaa damu, mafuta na maji ya uzazi, akaanza kuulamba. Akiulamba hivyo, akanifuata.

Njia ya kushuka mjini lava ilikuwa imekwisha kuikata, tukashika barabara ya Kibumba pamoja na watu wengine. Fahali alitembea vizuri mpaka mwinuko wa kwanza. Alihema. Kwenye mwinuko uliofuata alisimama, miguu ikitetemeka, akalala katikati ya njia, kama alivyolala siku ile ya uasi. Watu walimpita wakilaani. Baba alivuta kamba, akasukuma, akabembeleza, akamwimbia ule wimbo wa kusifu ng'ombe kwa sauti iliyokauka. Mtamba wangu alisimama kando, damu ikimtiririka miguuni, tayari kuendelea.

"Tangulieni," baba akasema. "Nitakuya naye."

"Papa, uache ile ngombe," mama alisema. "Hata volkano haitaitaka."

"Tangulieni."

Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikugeuka nyuma. Tulipofika Kibumba, binamu ya mama alitupatia kona ya zizi lake, na tukalala pale tukiwa tumejibana kwa baridi. Sikunawa. Maji yalikuwa ya kuombwa, na mtamba hakuniacha. Kila nilipouondoa mkono alilia, nikaurudisha.

Baba alifika asubuhi peke yake, kamba mkononi. Askari wa uasi walikuwa wamepita na gari, wamemkuta fahali amefunga njia. Walimpiga risasi pale pale ili wapite, halafu walipoona nyama ile wakashuka, wakakata mapaja, wakaondoka. Baba alisimulia hivyo kwa sentensi chache, akakaa kwenye jiwe. Nilitegemea kufurahi, nikashindwa. Nilimhurumia, na nilikasirika kwamba ninamhurumia.

Kiwele cha mtamba kilikuwa kimejaa, kimekaza, chuchu zimetazama pembeni. Asipokamwa siku ile angeugua, na maziwa yangekauka kabla hayajaanza. Wanaume wa Kibumba walikuwa wameegemea ua wakitazama, kwa sababu hawakuwa na kazi nyingine asubuhi ile zaidi ya kututazama sisi wakimbizi. Baba alifunua mzigo wa mama, akatoa chombo chetu cha mti cha kukamia, akachuchumaa. Mtamba akampiga teke. Akajaribu tena, akisema naye taratibu. Alipata matone tu. Mtamba alikuwa ameyazuia maziwa yote. Ng'ombe asiye na ndama hana sababu ya kuyaachilia, na ngozi ya ndama, ambayo wafugaji huiweka mbele yake ili anuse, ilikuwa imeungua Munigi.

Nilikwenda kusimama kichwani kwake ili atulie. Alinyoosha shingo akaanza kuulamba mkono wangu, kuanzia kiganjani mpaka kiwiko, polepole, kama anavyolambwa ndama. Baba aliinua macho. Alitazama mkono, akatazama kiwele, na mimi nikaona maziwa yameanza kudondoka yenyewe kutoka kwenye chuchu.

Akasimama. Magoti yake yalilia.

"Kuya," akasema. "Kaa hapa."

Mmoja wa wale wanaume akacheka. "Papa, munapatia mutoto mwanamuke ngombe? Iko namna gani?"

"Ngombe ni yake," baba alijibu.

Nilichuchumaa. Mkono wa kulia niliuachia ng'ombe, alikunja shingo yake yote ili aufikie, na kwa wa kushoto nikakamata chuchu. Sikujua kukama. Nilivuta vibaya, mengine yalimwagika magotini, vidole vikaingia ganzi haraka. Baba alichuchumaa nyuma yangu akanielekeza, bana juu kwanza, kisha shusha. Yakaja, maziwa ya kwanza, mazito, ya manjano. Mama alikuwa amesimama ameshika mdomo. Nilikama mpaka chombo kikawa kizito kuliko nilivyoweza kukishika kwa mkono mmoja, baba akakishika kutoka chini.

Alipokipokea, aliondoka nacho mpaka penye ua. Yule aliyecheka alinyoosha mikono yote miwili, kama ilivyo desturi, maana maziwa ya uzao wa kwanza huonjwa na waliopo, na hakuna mwenye ng'ombe anayemnyima mtu. Baba akakivuta chombo kifuani, akakifunika kwa kiganja.

"Hapana," alisema. "Hii ni ya masomo ya mutoto yangu."